Mlio Unaofifia: Ngoma, Kipimo na Kumbukumbu ya Buha

Katika Kirundi, neno ingoma lina maana mbili: chombo kinachopigwa na ufalme wenyewe. Buha, nchi ya vilima ambayo lugha yake ni ndugu ya Kirundi, ilikuwa na tawala zake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, kila moja chini ya mwami wake. Mwaka 1963 dola changa ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu. Sheria huzima mamlaka kwa siku moja. Mlio hauzimwi hivyo. Hufifia, na kufifia kwake kunapimika.

Kuanzia mwaka 1895, Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipima muda ambao sauti hudumu ukumbini baada ya chanzo chake kunyamaza. Vyombo vyake vilikuwa filimbi ya kinanda, saa na sikio lake. Kutokana na kazi hiyo tumerithi kipimo cha muda ambao sauti hushuka kwa desibeli 60, yaani nishati yake kubaki sehemu moja katika milioni. Mwaka 1946 Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uingereza, alionyesha namna ya kuuchambua mlio kwa wakati na kwa masafa ya mawimbi pamoja. Alionyesha pia mpaka wake: ukikata kipande kifupi mno cha muda, unapoteza uhakika wa kima cha sauti, ukikirefusha, unapoteza uhakika wa wakati.

Ngoma ya Burundi, iliyochongwa katika mti uitwao umuvugangoma na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, haina mlio mmoja. Pigo moja huzaa mitetemo mingi, na kila mtetemo hufifia kwa kasi yake. Hewa nayo humeza masafa ya juu mapema. Ndiyo maana msikilizaji wa kilima cha pili hupata mdundo, asipate mkwaruzo wa fimbo.

Haya si mapambo ya kitaaluma. UNESCO iliiorodhesha sanaa hiyo mwaka 2014. Mwaka uliofuata machafuko yaliwaleta Warundi wengi katika kambi za Nyarugusu, Kasulu, na Nduta, Kibondo. Oktoba 2017 amri ya rais wa Burundi iliwakataza wanawake kuipiga ngoma hiyo. Basi kinachosikika uhamishoni chaweza kuwa ushahidi wa kilichokatazwa nyumbani.

Ushahidi huo hautunzwi kwa simu pekee. Simu nyingi hujirekebishia ukubwa wa sauti, na faili lililobanwa huweza kupoteza mkia dhaifu wa mlio, yaani sehemu ileile tunayotaka kuipima. Vyuo vyetu virekodi bila kubana, viandike tarehe, mahali na umbali wa kinasa sauti, tena kwa ridhaa ya wapigaji. Kambi hufungwa na watu huondoka. Mlio uliokwisha kunyamaza haumpi mwanahistoria cha kupima.