Zope na Hesabu ya Kugawa Bure

Katika mijadala yetu kuhusu teknolojia, neno "huria" limezoeleka kufasiriwa kuwa "bure", na kitu cha bure huhesabiwa kuwa ni fadhila ya tajiri kwa maskini. Historia ya programu iitwayo Zope inatupa sababu ya kuutilia shaka ufasiri huo.

Mwaka 1996, Jim Fulton, mtaalamu wa kampuni ndogo ya Digital Creations ya Fredericksburg, jimbo la Virginia nchini Marekani, alitakiwa kufundisha somo kuhusu CGI, mbinu iliyotumika wakati ule kuiwezesha tovuti kumjibu mtumiaji. Alijisomea mbinu hiyo akiwa njiani kwenda. Alipokuwa akirejea alikwisha kuona upungufu wake na kuanza kuwaza njia bora zaidi. Wazo hilo lilizaa vipande vya programu, kikiwamo kilichoitwa Bobo, ambavyo kampuni iliviachia watu wavitumie. Juu ya vipande hivyo ikajenga Principia, seva kamili ya kuendeshea tovuti, na hiyo ikaiuza.

Mwaka 1998 kampuni ilipata mwekezaji, Hadar Pierson. Tungetarajia mwenye mtaji aseme: fungeni milango, pandisheni bei. Yeye alishauri kinyume chake, kwamba msimbo wa bidhaa hiyo ya biashara uwekwe wazi. Kabla ya mwaka kwisha, Principia iliunganishwa na vile vipande vya awali, ikatolewa kwa jina la Zope, kila mtu akiwa na haki ya kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuusambaza.

Ushauri huo haukutoka katika ombwe. Mapema mwaka huohuo, Netscape, iliyokuwa ikibanwa na Microsoft katika soko la vivinjari, ilitangaza kuuweka wazi msimbo wa kivinjari chake. Hata hivyo, Digital Creations ilikuwa na hesabu zake. Kampuni ndogo isiyojulikana ingewezaje kumshawishi mteja mkubwa aijenge tovuti yake juu ya bidhaa ambayo ingeweza kufa pamoja na mwenyewe? Msimbo ukiwa wazi, hofu hiyo hupungua. Watumiaji huongezeka, kasoro huonwa na macho mengi, na jina la kampuni hufika mahali ambapo matangazo yake yasingefika. Wanaohitaji mifumo mikubwa humtafuta fundi anayeijua kazi kuliko wengine wote, naye ni yuleyule aliyeibuni. Thamani, kwa hoja hiyo, imo vichwani mwa wataalamu. Mimi nauita huo uamuzi wa kibepari uliopigiwa hesabu vizuri, wala siudharau kwa sababu hiyo.

Matokeo yake yalionekana. Mwaka 2000 Guido van Rossum, mbunifu wa Python, lugha iliyotumika kuiandika Zope, alijiunga na kampuni hiyo pamoja na wenzake. Watu wasiokuwa waajiriwa wake walijenga Plone juu ya Zope, na toleo lake la kwanza kamili likatoka mwaka 2003. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa.

Hapa ndipo historia hii inapotugusa. Mwaka 2000 kampuni ya Sun Microsystems iliuweka wazi msimbo wa StarOffice, programu ya kazi za ofisi iliyokuwa ya biashara, ukawa msingi wa OpenOffice. Miaka minne baadaye, mradi uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo la Kiswahili, Jambo OpenOffice. Mlango ulifunguliwa na Sun kwa sababu zake. Walioupita kwa manufaa ya lugha yetu ni wale waliokuwa wameandaa istilahi na utaalamu wa kuufanyia kazi msimbo ule.

Leseni humpa mtu haki ya kusoma, haimfundishi kusoma. Taasisi inayopakua programu huria kwa kuwa haina bei, kisha ikamlipa mgeni kila inapoharibika, imebadilisha aina ya ankara tu. Utegemezi umebaki palepale. Digital Creations ilijua mapema kwamba fedha ingefuata ujuzi, na ikajipanga upande wa ujuzi.

Kwa hiyo natoa mapendekezo mawili. Kila mkataba wa mfumo wa umma utaje kwamba msimbo utakabidhiwa, na kwamba watumishi wetu watafunzwa kuurekebisha kabla ya malipo ya mwisho. Nasi walimu wa vyuo vikuu tuwatahini wanafunzi kwa kuwapa programu huria inayotumika kweli, waisome, waone kasoro yake, na warudishe marekebisho kwa walioiandika. Kazi ya namna hiyo haihitaji bajeti mpya. Inahitaji mwalimu aliyekwisha kuufungua msimbo huo yeye mwenyewe.