Kabla hujageuza gereji kuwa karakana, hesabu stima yako

Kijana wa Pwani akitoka chuo cha ufundi na cheti chake mkononi, mahali pa kwanza pa kutafutia riziki huwa ni gereji ya nyumbani. Gari hutolewa nje, msumeno wa meza huingia, kisha kompresa, kisha mashine ya kuchomea vyuma. Mimi naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote, kwani kodi ya karakana mjini si mzaha. Lakini ukuta wa pili wa gereji hiyo ndio chumba anacholala nyanya na wajukuu, na stima ya nyumba ilipowekwa, fundi alifikiria taa, friji na pasi tu.

Kwa kuwa nilisomea umeme hadi diploma, huulizwa swali hili mara kwa mara: "Breka inajikata nikiwasha mashine, niweke kubwa zaidi?" Jibu langu ni hapana. Breka imewekwa kuulinda waya ulio ndani ya ukuta. Waya wa soketi wa kawaida, wa milimita 2.5 za mraba, ukiulindia breka ya ampea 40, breka itatulia na waya ndio utakaochemka, kimya kimya, mahali usipopaona. Kubadilisha breka hakuongezi uwezo wowote. Kunaondoa mlinzi.

Anza na hesabu

Stima ya nyumba zetu ni volti 240. Gawanya wati za mashine kwa 240, upate ampea. Birika la wati 2,000 linavuta ampea 8 na kidogo. Kwa mota, usitegemee nguvu ya farasi peke yake. Farasi mmoja ni wati 746, lakini hiyo ni nguvu inayotoka kwenye mota. Inayoingia ni zaidi. Msumeno wa farasi 2 huvuta takriban ampea 9 hadi 10, na wakati wa kuanza huweza kuvuta mara 5 hadi 7 ya hapo kwa muda mfupi. Ndiyo maana taa hufifia. Soma kibao kilichobandikwa kwenye mashine, ampea zimeandikwa pale.

Tuchukue karakana ya mtu mmoja. Msumeno ampea 10, kompresa ampea 10, mashine ya kuchomea ya kisasa ikitumia fimbo za kawaida ampea 22 hivi, taa na feni ampea 1. Mtu mmoja hawezi kukata mbao na kuchomea kwa wakati mmoja, ila kompresa hujiwasha yenyewe. Kwa hivyo mzigo mkubwa ni kuchomea, kompresa na taa: ampea 33.

Sasa tazama ampea zilizoandikwa kwenye swichi kuu ya nyumba. Tuseme ni 60. Nyumba ikiwa na pasi, birika, friji na pampu ya maji kwa pamoja, inaweza kufika 25 au 30. Ukijumlisha na 33, umefika ukingoni au umepita. Hapo kuna njia mbili: kupanga saa za kazi ili mashine nzito zisigongane na mapishi na pasi, au kuomba Kenya Power ikuongezee uwezo.

Waya wa peke yake

Karakana ipewe waya wake kutoka kwenye boksi kuu, usiokatiwa kutoka soketi ya sebuleni. Kwa ampea 33 na umbali wa mita 20, mimi ningevuta waya wa shaba wa milimita 10 za mraba kwa breka ya ampea 40. Waya huo utapoteza volti 3 hivi njiani. Wa milimita 2.5 ungepoteza karibu 12, mota ingenguruma bila nguvu, na waya wenyewe ungekuwa umezidiwa kabisa.

Kumbuka pia joto letu. Majedwali ya nyaya hukadiriwa kwa hewa ya nyuzi 30, ilhali chini ya mabati ya Mombasa mchana ni moto kuliko hivyo. Waya ukipita huko, uwezo wake hupungua. Ukipita ardhini, uwe ule wenye kinga ya chuma, uzikwe kina cha kutosha jembe lisiufikie.

Ndani ya gereji liwekwe boksi dogo lenye swichi yake karibu na mlango. Taa ziwe na breka yake ya ampea 6, ili soketi ikijikata usibaki gizani mbele ya msumeno unaozunguka. Soketi za kawaida ziwe na 20. Mashine ya kuchomea ipewe waya wa milimita 6, breka ya 32 na soketi ya viwandani, kwa kuwa plagi ya nyumbani mwisho wake ni ampea 13. Breka za mota ziwe za aina C, zinazovumilia mvuto wa kuanza.

Ardhi ya matumbawe na hewa ya chumvi

Hapa ndipo mafundi wengi wa Pwani hukosea. Waya wa ardhi, ambao wenyewe huuita athi, huishia kwenye fimbo ya shaba. Ardhi yetu ni matumbawe, ngumu kupigilia na kavu wakati wa kiangazi. Fimbo ikiwa na ukinzani wa omu 100, stima ikivuja kwenye mwili wa msumeno, itakayopita ardhini ni ampea 2.4 tu. Breka ya 40 haitajua lolote, na wewe utaushika msumeno huo. Kwa hivyo dai swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30, na fundi apime athi kwa kifaa mbele yako. Chumvi hula viungo vya fimbo, basi vikaguliwe kila mwaka.

Stima ikipotea na kurudi ghafla, kama tulivyozoea, msumeno unaweza kujiwasha ukiwa umeweka mkono. Nunua mashine yenye swichi isiyorudi yenyewe mpaka ubonyeze. Na gereji iliyoezekwa makuti si mahali pa kuchomea vyuma, wala vumbi la mbao lisiachwe chini karibu na cheche.

Nani afanye kazi

Kwa sheria za Kenya, kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Leseni zina madaraja, kwa hivyo muulize kama yake inaruhusu fezi tatu ikiwa ndiko unakoelekea. Akimaliza akupe cheti cha kazi. Mita na waya unaotoka kwenye nguzo ni mali ya kampuni ya umeme, asiviguse yeye wala wewe. Ukiwa na mota kubwa kama za viwanda vya mbao, omba fezi tatu za volti 415. Mota zake huanza kwa urahisi na mzigo hugawanyika. Kumbuka biashara ina bei yake ya umeme, tofauti na ya nyumbani.

Yuko pia jirani. Tunagawana transfoma moja, na mashine yako ikifanya taa zake zipepese kila usiku, ana haki ya kulalamika. Mwambie mapema, mkubaliane saa.

Ushauri wangu kwa wazazi ni mmoja. Mkichanga pesa za kumnunulia kijana mashine, wekeni fungu la waya, boksi na fundi kwanza, mashine ifuate. Mashine ndogo kwenye waya mzuri italisha familia miaka mingi. Mashine kubwa kwenye waya wa pasi inaiweka nyumba nzima rehani.