Ngoma za Gishora na Vilima vya Ruvubu

Ukifika Gishora, karibu na Gitega, zitazame ngoma kabla ya kuzisikiliza. Huchongwa katika shina la mti uitwao kwa Kirundi umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma inene. Hata ufalme, basi, ulihitaji msitu. Na Kibira, msitu mkubwa wa magharibi, ulikuwa mawindo ya mwami.

Mwaka 1980 serikali iliunda taasisi ya uhifadhi iliyokuja kujulikana kama INECN. Mwaka 2014 kazi yake ikarithiwa na OBPE. Mwaka huohuo wa 1980 ndipo ilipotengwa Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, takriban kilomita za mraba 500, ambayo sehemu yake imo Muyinga. Nyati na viboko wakapata makimbilio. Familia zilizolima humo zikaondolewa, na jambo hili, kwa maoni yangu, husimuliwa kwa haraka mno.

Maana aliyenyang'anywa shamba hawezi kuwa mlinzi wa hiari. Ardhi yetu ni finyu, watu ni wengi, na karibu kila jiko huwaka kuni au makaa. Askari wa hifadhi peke yao hawatauzuia moto wala shoka. Jirani wa hifadhi akipata miche, mizinga ya nyuki na sauti katika maamuzi, huenda akasimama upande wao. Mikaratusi inayopandwa vilimani hutoa kuni upesi, lakini haiwi msitu.

Ukienda Muyinga, waulize wazee wa pembezoni mwa hifadhi: kilima mlichohama kiliitwaje?