Saratani ya tezi inapoufikia moyo

UVIMBE wa taya unaokua upesi kwa mtoto huweza kudhaniwa kuwa maradhi ya jino, kumbe ni limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi za limfu inayoandama maeneo yenye malaria. Daktari Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, kisha akabaini kwamba ni nadra katika nyanda zilizo juu ya mita 1,500 hivi. Ndiyo sababu mji wa Bungoma umo katika ukanda wa ugonjwa huo, ilhali Kitale, ulio karibu mita 1,900, uko nje yake. Limfoma za aina nyingine, zikiwemo zile zinazoambatana na Ukimwi, hazijali mwinuko.

Lisilozungumzwa sana ni moyo. Limfoma huufikia kupitia damu, kupitia mishipa ya limfu, au kwa kusambaa moja kwa moja kutoka tezi za katikati ya kifua. Mara nyingi hushambulia mfuko unaouzunguka moyo. Maji hujaa humo, moyo ukabanwa usiweze kutanuka na kupokea damu. Mgonjwa hutweta, mishipa ya shingo husimama, miguu huvimba, na akilala chali hukosa pumzi. Seli za saratani zikipenya katika misuli ya moyo, mapigo huenda ovyo.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kukosea. Katika sehemu hizi, maji kuzunguka moyo husababishwa mara nyingi na kifua kikuu, na daktari hakosei kukishuku kwanza. Lakini mgonjwa akianzishiwa dawa za kifua kikuu bila maji hayo kupimwa, huweza kupoteza wiki kadhaa, na limfoma ya Burkitt haingoji: seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Tezi iliyovimba shingoni au kwapani yafaa ikatwe kipande kichunguzwe kwa darubini, na moyo upigwe picha kwa mawimbi ya sauti. Kutoka miji yote miwili, hospitali kuu ya rufaa iliyo karibu ni ile ya Moi, mjini Eldoret.

Moyo uliobanwa hutolewa maji kwa sindano, tena bila kuchelewa. Hiyo ni nafuu ya muda tu. Tiba yenyewe ni dawa za saratani, na limfoma ya Burkitt hukubali dawa hizo kuliko saratani nyingi. Moja ya dawa za limfoma, doksorubisini, huweza kuudhoofisha moyo, hivyo moyo hupimwa kabla ya kuitumia na baadaye.