Nguvu Ndogo Juu ya Ukingo wa Ngorongoro

Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Karatu uko karibu mita 1,500. Kwa intaneti isiyo na waya, tofauti hiyo ya kimo ina thamani kubwa kuliko mtambo wowote wenye nguvu. Hata hivyo imani iliyoenea ni kwamba mawasiliano yakisuasua, dawa ni kupandisha nguvu ya kurushia mpaka mwisho, na kwamba anayeweka kikomo anawaonea watu wa mbali. Historia inaonyesha kinyume chake. Kikomo hicho ndicho kilichoyafanya masafa ya wazi, yasiyohitaji leseni, yabaki na manufaa kwa wengi.

Wazo la kiasi lilianza mapema. Mkataba wa Berlin wa 1906, Tanzania Bara ya leo ikiwa bado koloni la Ujerumani, uliziwekea redio za meli kikomo cha kawaida cha kilowati 1. Mitambo ya cheche ya enzi hizo, kama ile ambayo Wajerumani waliijenga Mwanza na Bukoba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilitapakaza mawimbi katika masafa mapana, na kituo kimoja chenye kelele kiliweza kuwanyamazisha majirani wote. Kutokana na uzoefu huo Kanuni za Redio za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, katika kifungu cha 15, zinakitaka kila kituo kirushe nguvu inayotosha kazi yake tu. Mwaka 1985 Marekani ilifungua masafa kadhaa, likiwemo eneo la gigahazi 2.4, yatumike bila leseni kwa mtambo usiozidi wati 1. Ulaya ilibana zaidi: miliwati 100, tena zikihesabiwa baada ya antena kuzikusanya kuelekea upande mmoja. Tanzania iko katika Ukanda wa 1 wa ITU pamoja na Ulaya, ndiyo maana mahesabu yatakayofuata yanatumia kikomo hicho cha Ulaya. Mwaka 2003, mwaka uleule ilipotungwa sheria iliyounda TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva ulitenga megahazi 5,470 hadi 5,725 kwa mitandao ya namna hii kwa kikomo cha wati 1. Kifaa kisichoweza kujipunguzia nguvu kilipewa nusu yake, na vyote vilitakiwa kukwepa masafa ya rada.

Namna ya kuhesabu ndiyo huwakwaza wengi. Dishi la desibeli 24 hukusanya nguvu mara 250 hivi, kama kioo cha tochi kinavyokusanya mwanga. Kwa kikomo cha miliwati 100, mtambo ulio nyuma ya dishi hilo unapaswa kushushwa hadi miliwati 0.4. Ukiachwa kwenye miliwati 100, upande unaolengwa unapokea sawa na wati 25. Hizo 0.4 zinaonekana kama mzaha, lakini sheria hiyo inapima kinachorushwa na haigusi uwezo wa kusikia. Dishi la pili, lile la upande wa kupokea, linaongeza mara 250 nyingine bila kuvunja kikomo chochote. Katika kilomita 20 za anga wazi, kwa masafa ya gigahazi 2.4, mawimbi hayo bado yanafika yakiwa juu ya kelele ya kipokezi kwa zaidi ya desibeli 10. Si kasi kubwa, ila zahanati au shule inaweza kufanyia kazi. Kwa sababu hii naona fedha ziende kwenye dishi na mlingoti kabla ya kipaza nguvu, ambacho huongeza kelele kwa jirani na hakimsaidii mwenyewe kusikia vizuri zaidi.

Kuna pingamizi la haki: nchi hii ni pana, watu ni wachache, nani ataumia? Jibu liko katika kimo chenyewe. Redio iliyo ukingoni haionwi na kijiji kimoja tu. Inaonwa na Karatu yote na mashamba ya mteremkoni, na nguvu yake ya ziada inaingia katika kila kipokezi kinachotumia masafa hayo. Huko San Juan, Puerto Rico, redio za gigahazi 5 zilizowekwa nje ziliingilia rada ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege, na wenye mitambo wakachukuliwa hatua. Mwingine atataja Venezuela, ambako mwaka 2007 mawasiliano ya WiFi yalifika kilomita 382. Ni kweli, na madishi yao makubwa yalipita mbali kikomo cha Ulaya. Lakini mitambo ilikuwa midogo. Kilichobeba umbali ule ni vilele vya milima vilivyoonana.

Kutoonana hakuna wati inayokutibu. Kijiji cha Endulen, kilicho ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, na mji wa Karatu vimetenganishwa na mlima Oldeani, wenye zaidi ya mita 3,000. Ongeza nguvu mara kumi, mlima haupitiki. Kinachohitajika ni kituo cha kupokezana mahali panapoona pande zote mbili. Ndani ya Hifadhi hiyo, mahali hapo panahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Ngorongoro, umeme wa jua na barabara ya kufikika. Gharama hizo ni nzito, na hapo ndipo malalamiko ya watu wa mbali, kama wa Endulen, yana uzito. Na anayehitaji kweli nguvu zaidi ana njia ya leseni ya masafa chini ya sheria ya mawasiliano ya 2010, ambamo TCRA inaweza kumpangia masafa na kujua ni nani mwingine anayetumia anga ileile.