Hamburg na Maji Yake

Mimi mzaliwa wa Unguja, na mji nauanzia bandarini. Hamburg, ninakoishi sasa, iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Bahari ya Kaskazini, lakini meli kubwa hupanda Mto Elbe hadi mjini, na maji hujaa na kupwa kama Forodhani kwetu.

Mji huu ulijitawala tangu zamani. Wafanyabiashara wake hawakutaka mfalme, bali Seneti yao na ushuru wao. Mwaka 1859 Hamburg, pamoja na Lübeck na Bremen, ilifunga mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar, dola kwa dola. Hata leo ni jimbo kamili, moja kati ya 16 ya Ujerumani, na lina Bunge lenye viti 121. Meya wa Kwanza ndiye mkuu wa serikali.

Lakini uhuru ule ulikuwa wa nani? Jibu nimelipata mpakani, mtaa wa St. Pauli unapokutana na Altona. Leo unavuka barabara tu, ila mwaka 1892 Altona ilikuwa mji mwingine, chini ya Prussia. Ilichota maji upande wa chini wa Elbe, Hamburg ikiwa imeshamwaga uchafu wake, lakini iliyachuja kwa mchanga. Hamburg ilichota upande wa juu, ikayapeleka majumbani bila kuyachuja. Wakubwa walibishana miaka mingi juu ya gharama za mtambo wa kuchujia, na kazi ya kuujenga ilipoanza hatimaye, kipindupindu kiliikuta haijakamilika.

Walikufa watu kama 8,600 katika majuma machache. Mtaalamu wa bakteria Robert Koch alipokuja kuchunguza, mpaka wa maji ulionekana wazi: upande huu jeneza baada ya jeneza, upande ule vifo vichache. Kulikuwa na nyumba za kupanga ndani ya mpaka wa Hamburg zilizopata maji ya Altona. Wakazi wake walipona. Hewa yao ilikuwa moja na ya majirani waliokufa. Kilichotofautiana ni bomba.

Hamburg ilimaliza mtambo wa kuchujia maji kisiwani Kaltehofe mwaka 1893. Haki ya kupiga kura ilichukua muda zaidi. Ilikuwa ya wanaume wenye kipato, na ni mwaka 1919 tu ndipo wanaume na wanawake wote walipochagua Bunge la mji kwa usawa.

Kaltehofe siku hizi ni makumbusho. Vijumba vya matofali mekundu bado vimesimama kando ya mabwawa, na bata wanaogelea palipokuwa pakichujwa maji. Mimi hupenda kwenda asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Nasimama ukingoni nikiwakumbuka wale 8,600. Wengi wao waliishi na kufa katika mji ulioitwa huru, na hawakuwahi kuulizwa maji yao yachujwe au la.