Saruji, Dawa na Kisu: Hoja kuhusu Kutibu Viungo Bandia Vilivyoingia Usaha Nairobi

Fundi wa ngozi katika soko la Kariokor hushona akiwa ameketi karibu kabisa na ardhi. Kigoda ni kifupi, magoti yamepanda kuelekea kifuani, kandambili imebanwa mapajani na sindano inapenya soli kwa nguvu ya kiganja. Jirani zake wanaosuka vyondo huketi vivyo hivyo kutwa nzima. Nyonga ikilika, iwe ni kwa kuanguka na bodaboda, kwa ugonjwa wa seli mundu au kwa uzee, biashara nayo husimama. Upasuaji wa kuweka nyonga bandia humrudisha mtu kazini. Atashauriwa aachane na kigoda kifupi, lakini atapanda ngazi za ghorofa anakoishi na atashona. Kiungo hicho kikiingia usaha, hujikuta nyuma ya pale alipoanzia: maumivu yamerudi, deni la hospitali limeongezeka, na ndani ya mfupa wake mna chuma ambacho bakteria wamekifanya makao.

Tiba iliyozoeleka ni kufungua kidonda, kukisafisha au kukitoa kipandikizi, kisha kumweka mgonjwa kwenye dripu ya viuavijasumu kwa wiki sita. Kwa mtu anayelipia kibanda sokoni na kula kwa mauzo ya siku ile ile, wiki sita za wadi humaanisha kibanda kupata mpangaji mwingine. Nadai katika makala hii kwamba kwa mgonjwa wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kuiweka dawa ndani ya kiungo chenyewe ndiyo njia yenye mantiki zaidi, kitabibu na kiuchumi. Nadai pia kwamba njia hiyo ina sharti ambalo wanaoishabikia hulipita haraka: dawa iliyowekwa kiungoni haiwezi kufanya kazi ya kisu, wala haiwezi kufanya kazi ya maabara.

Kwanza, kwa nini usaha wa kiungo bandia ni mgumu kuliko jipu la kawaida? Bakteria aliyemo kwenye damu huelea peke yake na dawa humfikia. Akigusa chuma au plastiki hujibandika, huzaana, na kundi zima hujifunika utando wa ute. Mwaka 1987 Anthony Gristina alieleza kwamba kipandikizi kinapoingia mwilini huanza mashindano kati ya seli za mgonjwa na bakteria, kila upande ukiwania kuuwahi uso wake. Bakteria wakitangulia, ndani ya utando wao wanaweza kuhitaji dawa mara 100 hadi 1,000 ya kiasi ambacho kingewaua wakiwa huru. Kiwango hicho hakifikiki kwa mshipa. Ukijaribu kukifikia kwa jentamaisini utaharibu figo na masikio ya mgonjwa kabla hujamfikia bakteria. Isitoshe, mfupa uliokufa kandokando ya kipandikizi hauna damu, na dawa ya dripu husafiri kwa damu.

Wazo la kupeleka dawa kwenye kidonda chenyewe ni la zamani, na historia yake ina onyo. Kariokor ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi. Katika vita hivyo hivyo, huko Ufaransa, Alexis Carrel na Henry Dakin walitandaza mipira midogo ndani ya majeraha na kuyamwagilia dawa ya klorini kila baada ya saa chache. Katika miaka hiyo hiyo Alexander Fleming, akiwa Boulogne, alionyesha kwamba dawa za kuua vijidudu hazifiki kwenye mianya ya kidonda kirefu, na kwamba huweza kuziua chembe nyeupe za damu zinazomlinda mgonjwa. Hoja zote mbili zilikuwa na ukweli. Mbinu ya Carrel ilileta matokeo mazuri pale nyama iliyokufa ilipokatwa na kutolewa kwanza. Palipoachwa uchafu, kumwagilia hakukusaidia. Vita vya Pili vilirudia somo hilo. Askari wa Marekani walinyunyiziwa unga wa salfa kwenye majeraha, na zoezi hilo likaachwa baadaye kwa kuwa halikupunguza maambukizi.

Mabadiliko ya kweli yalitoka Hamburg. John Charnley wa Uingereza alikuwa ameshaeneza matumizi ya saruji ya akriliki kushikilia nyonga bandia. Mwaka 1970 Hans-Wilhelm Buchholz na mwenzake Engelbrecht walitangaza kwamba jentamaisini ikichanganywa na saruji hiyo hutoka polepole na kuenea pembeni. Muongo huo huo Klaus Klemm wa Frankfurt alitengeneza shanga za saruji yenye jentamaisini, zilizotungwa kwenye waya na kuachwa ndani ya mfupa uliooza. Mwaka 1981 Buchholz na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 583 wenye nyonga bandia zilizoambukizwa, ambao kipandikizi chao kilitolewa na kingine kuwekwa papo hapo kwa saruji yenye dawa. Asilimia 77 walipona kwa upasuaji huo mmoja. Wakati huo wengi waliamini kwamba kuweka chuma kipya kwenye kidonda cha usaha ni wazimu.

Inafaa kuitazama kazi hii inavyofanyika mezani. Muuguzi hufungua pakiti ya unga wa saruji, kwa kawaida gramu 40, na kuumimina kwenye bakuli. Unga wa kiuavijasumu hupondwa madonge yake na kuchanganywa humo ukiwa mkavu. Ndipo humiminwa kimiminika chenye harufu kali inayojaa chumba kizima. Mchanganyiko huanza kama uji, huwa kama donge la chapati, kisha hupata joto mkononi na kuwa mgumu, yote katika dakika chache. Joto hilo ndilo huamua dawa gani ifae. Jentamaisini na vankomaisini hulistahimili, ilhali viuavijasumu vingi vya jamii ya penisilini haviaminiki humo. Sehemu kubwa ya dawa hutoka siku za kwanza, baadaye hudondoka kidogo kidogo, na nyingi hubaki imefungiwa ndani daima, kwa kuwa ni ile iliyo karibu na uso tu inayoyeyuka. Ndiyo sababu shanga, zenye uso mkubwa kwa uzito mdogo, hutoa dawa vizuri kuliko bonge moja. Ndiyo sababu pia saruji iliyokorogwa kwa mkono, yenye vitundu vya hewa, hutoa dawa zaidi kuliko ile iliyokorogwa kwa mashine ya kufyonza hewa. Pale ambapo saruji ni ya muda na haibebi uzito wote wa mwili, bakuli na mwiko havina aibu yoyote.

Hapo ndipo uwezo wa Nairobi unapoonekana, na mipaka yake pia. Jentamaisini imo katika orodha ya dawa muhimu, na vichupa vyake vya miligramu 80 kwa mililita mbili vimejaa kwenye zahanati. Lakini hiyo ni ya maji, na saruji inahitaji unga. Ukimimina vichupa sita kwenye saruji unapata miligramu 480 za dawa pamoja na mililita 12 za maji, na maji hayo huidhoofisha saruji kwa kiwango kikubwa. Kwa shanga za muda, mpasuaji anaweza kulikubali hilo. Kwa saruji itakayoshikilia nyonga miaka 15, hapaswi kulikubali hata kidogo. Vankomaisini huja ikiwa unga na huchanganyika vizuri, ila Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalizi. Kipimo nacho hufuata kazi ya saruji. Saruji ya kudumu huongezwa gramu moja hivi kwa pakiti ili isipoteze nguvu, ilhali ile ya muda huweza kubeba gramu tatu, nne au zaidi.

Saruji ya muda yenyewe si kitu kimoja. Kipandikizi kikishatolewa, nafasi inayobaki hujazwa ili misuli isisinyae na mguu usifupike. Mpasuaji anaweza kuweka bonge lililonyooka linalolifunga goti kabisa, au kulifinyanga kwa umbo la kiungo ili mgonjwa aweze kulikunja. Mtu anayeishi ghorofa ya tatu, anayetumia choo cha kuchuchumaa, au anayetaka kurukuu na kusujudu katika misikiti ya Pumwani hatauona uamuzi huo kuwa wa kiufundi tu. Goti lililofungwa miezi mitatu humfungia nyumbani. Penye mfupa wa kutosha, naona umbo linalokunjika ndilo liwe chaguo la kwanza, hata kama litamlazimu mpasuaji kulifinyanga mwenyewe kwa kifyatuo.

Wanaopinga wana hoja nzito. Mwaka 2001 watafiti wa Groningen nchini Uholanzi walichunguza shanga zilizotolewa miilini mwa wagonjwa 20 na kukuta bakteria kwenye shanga za wagonjwa 18, wengi wao wakiwa sugu kwa jentamaisini. Saruji iliyokwisha kutoa dawa yake hugeuka kuwa jiwe geni ambalo bakteria hujibandika kama walivyojibandika kwenye chuma. Shanga zisizotolewa kwa wakati, kwa sababu mgonjwa alikosa nauli au fedha za upasuaji wa pili, ni hatari iliyopandwa kwa mkono wa daktari. Figo pia zimeathirika kwa baadhi ya wagonjwa waliowekewa vipimo vikubwa. Na wingi wa dawa hauleti manufaa kila mahali. Katika utafiti wa Uingereza uitwao WHiTE 8, uliochapishwa mwaka 2023, wazee waliovunjika nyonga waligawanywa kati ya saruji ya kawaida yenye dawa moja na saruji yenye dawa mbili kwa kipimo kikubwa. Maambukizi ya ndani yalikuwa asilimia 1.2 kwa kundi la kwanza na 1.7 kwa la pili; dawa ya ziada haikuwakinga. Huo ulikuwa utafiti wa kinga na haujibu swali la tiba, lakini unatosha kumzuia anayetaka kumpakia kila mgonjwa vankomaisini kwa tahadhari tu.

Hata hivyo ushahidi wa jumla unaelekea upande ninaoutetea. Utafiti wa OVIVA, uliotolewa mwaka 2019 ukiwa na washiriki 1,054, ulionyesha kwamba vidonge havikushindwa na dripu katika wiki sita za mwanzo za kutibu maambukizi ya mifupa na viungo. Basi mgonjwa hana haja ya kulala wadini ili tu dawa imfikie kwa mshipa. Lakini tusikimbilie kuzifupisha siku zenyewe. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2021, DATIPO, ulikuta kwamba waliopewa dawa kwa wiki sita maambukizi yaliendelea kwa asilimia 18.1, dhidi ya 9.4 kwa waliopewa wiki 12. Mwaka 2022 utafiti mwingine wa Uingereza, INFORM, ulilinganisha kubadilisha nyonga iliyoambukizwa kwa upasuaji mmoja na kuibadilisha kwa upasuaji wa awamu mbili. Baada ya miezi 18 maumivu na uwezo wa kutembea havikutofautiana, ila waliopasuliwa mara moja walipata nafuu mapema na gharama ilikuwa ndogo. Upasuaji mmoja, saruji yenye dawa sahihi, kisha vidonge nyumbani: sioni mpango mwingine unaomfaa zaidi mtu wa Kariokor.

Neno kubwa hapo ni "sahihi". Ili kubadilisha kiungo kwa upasuaji mmoja, mpasuaji anahitaji kumjua bakteria kabla hajashika kisu, maana dawa ya kwenye saruji huchaguliwa siku ile na haibadilishwi kesho kama dripu. Majimaji ya kiungo yavutwe kwa sindano na kuoteshwa maabara, na wakati wa upasuaji zichukuliwe sampuli tano au sita za nyama kutoka sehemu mbalimbali. Mgonjwa wetu wa kawaida, hata hivyo, hufika akiwa ameshanunua viuavijasumu kwenye kemisti mara mbili tatu, bila karatasi ya daktari, na maabara haioteshi chochote. Kama hali yake si ya hatari, dawa zisimamishwe kwa takriban wiki mbili kabla ya kuvuta majimaji. Ni ushauri mgumu kumpa mtu mwenye maumivu, na ni lazima aelezwe sababu yake kwa lugha anayoielewa, si kuandikiwa tu kwenye kadi.

Afrika Mashariki haina sababu ya kungojea ushahidi kutoka Ulaya pekee. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, watafiti wa Tanzania na wenzao wa Marekani walifanya jaribio la awali kwa wagonjwa 100 waliovunjika muundi kwa majeraha ya wazi. Baadhi walidungwa miligramu 80 za jentamaisini ndani ya jeraha, wengine maji ya chumvi. Lengo lilikuwa kupima kama utafiti mkubwa unawezekana, na unawezekana. Dawa waliyoichagua ni kile kichupa cha bei nafuu kilichomo kwenye kila zahanati. Hospitali za Kenyatta, Kikuyu na Kijabe zina wapasuaji wanaoweza kufanya kazi ya namna hiyo juu ya viungo bandia, na zina wagonjwa ambao majibu yao yangetufaa kuliko ya Uingereza.

Kwa upande wa fedha, ombi langu kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima ya hospitali, NHIF, mnamo Oktoba 2024, ni kwamba kiungo bandia kilichoambukizwa kihesabiwe kuwa tiba moja tangu uchunguzi wa maabara hadi mgonjwa aondolewe shanga au saruji ya muda. Kulipia upasuaji wa kwanza na kumwachia mgonjwa ule wa pili ni kulipia shanga za Groningen. Na kwa hospitali zinazotangaza kubadilisha nyonga na magoti, sharti liwe wazi: isiyoweza kuotesha sampuli tano za mgonjwa mmoja na kutoa majibu yanayoaminika haijawa tayari kuweka kiungo bandia hata kimoja.